Winchi ya ratili 9,500 niliyoifunga mwenyewe nyumbani: mota safi, nyaya za kubadilisha

Winchi yenyewe ni nzuri. Nalitanguliza hilo kwa sababu nina malalamiko, na sitaki mtu ayasome hayo peke yake akaondoka. Ni winchi ya umeme, yaani mashine ya kulivuta gari lililokwama, ya volti 12, nguvu ratili 9,500, yaani kilo 4,300 na ushee, yenye kamba ya sintetiki unene wa milimita 10 na urefu wa mita 26. Nimeifunga nyumbani kwa mikono yangu kwenye gari langu la 4x4, kijana wangu akiwa msaidizi, kwa spana za kawaida, jeki na mita ya kupimia umeme. Tangu hapo imenitoa kwenye tope na kwenye kichanga cha mto mkavu, na imewatoa wenzangu pia. Mota inavuta bila kusitasita, mlio wa gia ni uleule mmoja toka mwanzo wa kazi hadi mwisho, na breki inashika pale pale unapoachia kitufe. Watengenezaji walipobania ni kwenye vitu vinavyoizunguka hiyo mota: nyaya za umeme, kijitabu cha maelekezo na kifuniko cha boksi la umeme.

Kazi yangu ni kukarabati pampu za visima. Gari hubeba mabomba, jenereta na masanduku ya vifaa, na safari nyingi niko peke yangu. Likisheheni linafika kilo 2,700. Kanuni inayotumika sana katika kuchagua winchi ni kuchukua uzito wa gari likiwa na mzigo wake, ukauzidisha kwa moja na nusu. Kwangu inakuja kilo 4,050. Winchi ya ratili 8,000 ina kilo 3,600 hivi, pungufu. Ya ratili 9,500 inatosha na kubaki kidogo, ndiyo maana nikaichukua.

Ila hiyo namba ya kwenye boksi inataka kusomwa kwa makini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanailaumu winchi kumbe hawajaambiwa namba ina maana gani. Ratili 9,500 ni nguvu ya tabaka la kwanza la kamba, lile linalogusa ngoma, yaani pipa la chuma ambalo kamba huviringishwa. Kamba ikipanda tabaka la pili, la tatu na la nne, kipenyo kinaongezeka, na mota ileile inabaki na nguvu ndogo zaidi ya kuvuta. Jedwali lililo nyuma ya kijitabu changu linaanza na kilo 4,300 tabaka la kwanza, na kufikia la nne zimeshuka chini ya kilo 2,800. Sasa twende kwenye ngoma yenyewe. Nimeipima: kipenyo milimita 64, upana milimita 224. Kamba ya milimita 10 inakaa mizunguko 22 kwa tabaka, na tabaka la kwanza lote ni mita tano na kidogo tu. Na huwezi kuitoa kamba yote. Ile skrubu ndogo inayoishikilia ncha yake haikutengenezwa kubeba gari; kinachobeba ni msuguano wa mizunguko iliyobaki kwenye ngoma. Kwa kamba ya sintetiki ibaki mizunguko 10, kwa kebo ya chuma 5. Mizunguko 10 ni mita mbili na robo hivi. Toa hiyo kwenye mita tano, unabaki na mita tatu pungufu. Hizo mita tatu, zile za mwisho kabisa kutoka, ndizo pekee zenye nguvu uliyoilipia.

Kwa hiyo mti ulio mita sita mbele ya bampa, ambao kila mtu anaufurahia kwa kuwa uko karibu, ndio unaokupa winchi dhaifu kuliko zote. Ngoma bado imejaa. Mti wa mbali ni bora. Kama hakuna wa mbali, tumia kapi: kamba inatoka kwenye winchi, inazunguka kapi lililofungwa mtini, inarudi kwenye ndoano ya chesisi ya gari lako. Nguvu inakuwa karibu mara mbili, mwendo unakuwa nusu, na juu ya hapo kamba nyingi imetoka, kwa hiyo umeshuka kwenye matabaka ya chini yenye nguvu. Kapi halikuja na winchi yangu. Lilipaswa kuja. Kuuza winchi bila kapi ni kumuuzia mtu nusu ya kifaa.

Sasa ufungaji. Kabla ya kununua chochote, chuchumaa mbele ya gari uangalie winchi itashikwa na nini. Bampa langu ni la chuma, lina kitanda cha winchi kilichofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ncha mbili za chesisi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana uzito wote wa kuvuta unapita hapo. Bampa la plastiki la kiwandani halishiki kitu, na bampa la chuma la urembo lililoshikwa na vibati vyembamba nalo halifai hata likionekana la kutisha. Kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama, tafuta bampa lililotengenezwa kwa ajili ya gari hilohilo, kwa sababu sensa za mifuko hiyo mara nyingi ziko maeneo hayo ya mbele. Matundu ya bolti yasikupe wasiwasi sana. Winchi nyingi za kuanzia ratili 8,000 hadi 12,000 zinafuata vipimo vilevile, milimita 254 kwa 114.3, na yangu iliingia kwenye kitanda bila kutoboa tundu jipya.

Tuliiweka kwanza kitandani bila bolti, kuona tu inakaaje. Hapo ndipo tukaona mkono wa klachi, ule wa kuiachia ngoma izunguke huru wakati unavuta kamba kwa mkono, umeelekea nyuma kwenye bomba la bampa. Vidole haviufikii. Watu huishia kukata bampa kwa grainda, lakini hakuna haja. Sanduku la gia la winchi hii limeshikwa na skrubu 10 zilizopangwa kwa duara, kwa hiyo linaweza kuzungushwa na kurudishwa kila baada ya nyuzi 36. Tukaisimamisha winchi wima juu ya ubao, mota chini, gia juu. Nikalegeza skrubu zote, nikainua sanduku kiasi cha unene wa kidole, nikalizungusha hatua mbili hadi mkono wa klachi ukaelekea juu na mbele, nikalishusha. Lisimamishwe wima kweli, na lisiinuliwe sana. Ndani mna gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, zimepangwa kwa tabaka, na ukizilaza zinateleza nje ya mpangilio. Skrubu zirudishwe kwa kukaza moja, kisha iliyo mkabala nayo, mpaka zote zikae. Kwenye kijitabu jambo hili halimo hata kwa mchoro, ilhali karibu kila anayefunga winchi kwenye bampa lililofungwa pande zote atalihitaji.

Bolti nne zilizokuja ni za M10, daraja 8.8, na nati zake ni za mraba. Nati hizo zinaingia kwenye mfereji ulio kwenye mguu wa winchi na kwa umbo lao haziwezi kuzunguka, kwa hiyo huhitaji spana ya pili. Utundu ni mzuri, ila nati inateleza na kudondoka kabla bolti haijaipata. Paka grisi kidogo mgongoni mwake, itakaa. Angalia urefu wa bolti pia. Kitanda changu kina unene wa milimita 6 na bolti za kwenye boksi zilifaa. Mwenye kitanda kinene zaidi, au anayefunga na mdomo wa kupitishia kamba kwa bolti zilezile, atahitaji ndefu zaidi. Lakini ndefu kupita kiasi nayo inagota mwisho wa tundu, spana inakwambia imekaza, kumbe winchi haijabanwa. Nilikaza kwa spana ya kupimia mkazo hadi niutoni-mita 45 kama walivyoandika. Winchi ina kilo 28. Mtu mmoja anaiinua, ila kuishikilia ikiwa imening'inia ndani ya bampa huku unatafuta tundu ni shida. Tuliikalisha juu ya jeki yenye kipande cha ubao, tukaipandisha taratibu hadi matundu yakakutana.

Umeme ndio sehemu ya kufanya bila haraka. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, na uwe wa mwisho kurudishwa. Mota ina vichwa vitatu vya bolti upande wa juu, vimeandikwa F1, F2 na A, na cha nne chini kwa ajili ya hasi. Nyaya za kutoka kwenye boksi la umeme zina alama na rangi, kuzikosea ni vigumu. Cha kuogopa ni kukaza. Kila kichwa kina nati ya ndani iliyokwisha kazwa kiwandani na nati ya nje ya kwako. Ishike ile ya ndani kwa spana nyembamba isicheze, ndipo ukaze ya nje. Ukikaza ya nje peke yake bolti nzima inazunguka, na ule upande wa ndani usioonekana umeungwa na koili za mota. Ukikatika mwungano ule, mota imekufa kabla haijavuta hata gari moja. Onyo hili kijitabu kimelipa mstari mmoja wa herufi ndogo, katikati ya maelezo ya jinsi ya kutunza boksi.

Waya wa hasi nimeupeleka moja kwa moja kwenye betri, sikuufunga kwenye bodi. Waya wa chanya nimeupitisha kwenye swichi ya kukata umeme niliyoinunua pembeni, inayohimili ampea 300 mfululizo, na imekaa chini ya boneti mahali ambapo mkono unaifikia. Nasisitiza swichi hii. Waya ule hauna fyuzi, na bila swichi unabaki hai saa zote kwenye pua ya gari, sehemu ileile inayogonga visiki na mawe. Ukibanwa na chuma kikakwangua mpira wake, betri yote inamwagika pale, na gari linaweza kuungua. Nje ya kazi ya kuvuta, swichi yangu imezimwa.

Nyaya zilizokuja na winchi zina shaba ya milimita za mraba 25. Kwa karatasi zinatosha. Tulipoanza kuivutia gari kwenye mwinuko, breki ya mkono ikiwa imepandishwa kidogo, kijana akagusa waya akasema, "Baba, huu umepata moto." Nikachukua mita. Kati ya betri na mota zilikuwa zinapotea volti 1.4. Kwenye mfumo wa volti 12 huo ni upotevu mkubwa, na yote inageuka kuwa joto. Winchi ya ukubwa huu ikivuta kwa nguvu zake zote inanyonya zaidi ya ampea 400, na kadiri volti zinavyoshuka ndivyo mota inavyozunguka polepole na kukaa muda mrefu zaidi ndani ya joto hilo. Nikatengenezesha nyaya za milimita za mraba 50, vichwa vyake vya shaba vikabanwa kwa mashine na kuvishwa mpira wa kubana kwa joto. Upotevu ukashuka hadi volti 0.8 kwa mvuto wa namna ileile. Ukitazama kamba utaona tofauti kwa macho. Mtengenezaji aliyeweka mota ya ubora huu angeweza kabisa kuweka nyaya za kulingana nayo, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko mengine yote.

Hesabu ya betri nayo ifahamike. Alteneta ya kawaida ya magari haya inatoa ampea 80 hadi 120. Winchi inataka 400. Tofauti inatoka kwenye betri, takribani ampea-saa 5 kwa kila dakika moja ya kuvuta kwa nguvu zote. Betri nzima yenye afya inahimili, betri iliyochoka itakuacha katikati ya kazi. Injini iwe inawaka muda wote, mzunguko wake umepandishwa kidogo, na kila baada ya dakika moja ya kuvuta kwa nguvu uipumzishe. Mimi huweka kiganja juu ya mota. Nikishindwa kukiacha pale, nasubiri ipoe.

Kamba ilikuja imeviringishwa tayari kwenye ngoma, lakini haikuwa imekazwa. Hiyo si ya kwenda nayo safari. Kamba legevu ikibeba mzigo, mzunguko wa juu unazama katikati ya mizunguko ya chini na kubanwa humo, na kuuchomoa ukiwa porini ni kazi ya jasho. Tulitafuta mwinuko mpole wenye mti wa uhakika, tukatoa kamba yote mpaka ikabaki ile mizunguko 10, halafu winchi ikalivuta gari lenyewe taratibu, kijana akiwa kwenye usukani na mimi nimesimama pembeni na rimoti nikiangalia kila mzunguko unavyolala kando ya mwenzake. Mvuto wa kilo 200 na kitu unatosha kuilaza kamba vizuri. Fanyeni hivi siku hiyohiyo ya kufunga.

Wakati huohuo thibitisheni kamba inatokea upande gani wa ngoma. Kwa winchi iliyofungwa kama yangu inatokea chini, upande wa miguu. Hili ni suala la breki. Breki ya winchi hizi inashika upande mmoja tu wa mzunguko. Kamba ikiviringishwa kinyume, winchi itavuta kama kawaida kwa kitufe cha kutoa, na mtu anaweza asigundue kitu, hadi atakapoachia kitufe gari likiwa limening'inia kwenye mteremko. Ndipo atakapojua hana breki. Inatokea zaidi kwa wanaobadilisha kamba wenyewe. Tuliijaribu yetu palepale kwenye mwinuko: gari likiwa gia huru na breki imeachiwa, nikaachia kitufe, gari likasimama na kamba haikurudi hata sentimita.

Breki hiyo iko ndani ya ngoma, na hapo kuna udhaifu wa kweli wa winchi nyingi za gia za namna hii zikivalishwa kamba ya sintetiki. Ukilishusha gari mteremkoni kwa winchi, breki inateleza ikipata moto, moto unahamia kwenye ngoma, ngoma inaigusa kamba. Nyuzi za kamba hizi huyeyuka karibu na nyuzi joto 150 za selsiasi, na hupoteza nguvu mapema zaidi ya hapo. Winchi ya Warn 8274, iliyotoka mwaka 1974 na ambayo watu bado wanaitafuta mpaka leo, breki yake iko nje ya ngoma, na ni moja ya sababu za kupendwa kwake, ingawa inasimama juu sana na haiingii kwenye mabampa mengi ya siku hizi. Kwa yangu, tabaka la kwanza limevalishwa soksi ya kukinga joto, kitu kizuri walichokifikiria. Hata hivyo kwa kushusha gari mteremko mrefu naenda kidogo kidogo na kusimama.

Pamoja na udhaifu huo, nisingeichukua ya kebo ya chuma. Kebo ya urefu huu peke yake ina kilo saba au nane, ya sintetiki haifiki kilo mbili. Kebo ikizeeka inatoa miiba inayopita kwenye glavu. Na kubwa zaidi, kebo ya chuma ikikatika chini ya mzigo inarudi na nguvu ya kuua. Kamba ya sintetiki nayo hukatika na nayo inaweza kuumiza, hasa ikiwa imebeba shakeli (pingu ya kuunganishia) ya chuma mwishoni, ila ni nyepesi na inaanguka upesi zaidi. Gharama yake ni matunzo. Mchanga ukiingia kati ya nyuzi unazisaga, na jua linaila taratibu, kwa hiyo naiosha kwa maji matupu baada ya tope na naifunika gari linapokaa. Mdomo wa kupitishia kamba uliokuja nayo ni wa aluminiamu laini, bila mikwaruzo, na unafaa. Msiivalishe kamba hii kwenye rola za zamani zilizokwisha chimbwa na kebo.

Niseme jinsi inavyofanya kazi yenyewe. Kwenye makadirio ya uokoaji ya jeshi la Marekani, gari lililozama tope hadi usawa wa magurudumu linahitaji mvuto sawa na uzito wake, na likizama hadi kwenye fenda, mara mbili ya uzito. Kwa gari langu hiyo ni kilo 2,700, halafu 5,400. Niliziona namba hizo kwa vitendo kwenye mbuga nyeusi baada ya mvua, magurudumu yote manne yakiwa yamemezwa na mzigo ukiwa juu. Kamba moja kwa moja, ngoma ikiwa karibu imejaa, mota ilishuka mlio na gari likatingishika bila kutoka. Nikasimama, nikafukua tope mbele ya magurudumu kwa koleo, nikafunga kapi. Safari hii gari lilitoka lote, polepole sana, labda mita moja kwa dakika, bila mota kulia na bila taa za dashibodi kufifia. Mwendo huo wa polepole ndio unaoutaka. Unaona kila kitu kinachotokea na una muda wa kuachia kitufe.

Rimoti ni ya waya na pia ya mawimbi. Ya mawimbi inashika vizuri, ila nimeirudisha kwenye sanduku. Naitaka ya waya, ambayo haiwezi kubonyezwa na mtu mwingine wala kukosa betri, na lalamiko langu ni kwamba waya wake ni mfupi. Ukisimama umbali salama pembeni unakuta umenyooka wote. Kifuniko cha boksi la umeme ni plastiki nyepesi inayotikisika barabarani. Nimekikazia mkanda. Ndoano ina ulimi wenye springi dhaifu, nimeibadilisha. Ule utepe mwekundu wa kushikia ndoano wakati kamba inaingia, usiutupe ukidhani ni pambo. Ndio unaoviweka vidole mbali na mdomo wa winchi.

Uzito wa mbele umeongezeka, na lazima uonekane. Nilipima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda kabla ya bampa na winchi, nikapima tena baada ya kazi. Pua imeshuka sentimita mbili. Springi za mbele zimekwenda kubadilishwa, na taa zimepangwa upya maana zilianza kumulika chini. Joto la injini halijabadilika, ila bampa langu linaacha nafasi ya hewa kuifikia rejeta. Mwenye bampa lililoziba aangalie.

Ningemshauri nani? Mwenye gari la kilo 2,500 hadi 2,800 likiwa na mzigo, anayejua kushika spana na kupima volti, aichukue bila hofu, na kwenye bajeti yake aweke kabisa nyaya nene, swichi, kapi, mkanda mpana wa kufungia mtini, shakeli mbili na glavu. Mwenye gari zito zaidi ya hapo aende ratili 12,000. Na ambaye bampa lake halijashikwa na chesisi aanze na bampa, winchi ingoje.

Baada ya ule mvuto mzito wa mbuga nilirudi chini ya gari na spana ya mkazo. Bolti mbili za upande wa mota zilikubali kukazwa kidogo tena, mbili za upande wa gia hazikusogea. Tangu hapo huzipitia zote nne kila baada ya kazi nzito, pamoja na vichwa vya nyaya, na hazijacheza tena.